Udongo Uliofanywa na Maji: Sanamu za Ufinyanzi za Japani Zikitazamwa Kutoka Shinyanga

Nawashukuru mliotoka Kahama, Kishapu na Geita kuja kusikiliza habari za udongo, na hali huko mlikotoka udongo ndicho kitu cha kwanza kutupwa pembeni.

Nimeombwa nizungumzie sanamu za udongo zinazofinyangwa Japani siku hizi, hasa zile zinazochota sura yake katika maji na maumbile. Najua wapo wanaojiuliza: Shinyanga na Japani, wapi na wapi? Mazungumzo ya huku ni almasi ya Mwadui, dhahabu ya Geita na Bulyanhulu, bei ya pamba na mvua iliyochelewa. Hoja yangu ni fupi, na nitaitaja mapema ili atakayenipinga ajiandae. Sanamu hizi zinafanana na maji kwa sababu udongo wenyewe ni kazi ya maji, na msanii ameiacha kazi hiyo ionekane. Hivyo anayestahili kuwa msomaji wake wa kwanza ni mtu anayeujua udongo. Na watu wanaoujua udongo tunao humu ukumbini.

Udongo tunaoukanyaga

Tuanze na majabali yetu. Ukisafiri kutoka Mwanza kuja Shinyanga unayaona mawe makubwa ya itale yamebebana kando ya barabara. Ndani ya itale kuna madini yanayoitwa feldspa. Mvua inayapiga, maji yenye asidi kidogo yanapenya kwenye nyufa, na kwa muda mrefu sana feldspa inageuka kuwa chembe laini, nyembamba, bapa. Chembe hizo ndizo udongo wa mfinyanzi. Maji huzibeba na kuzishusha bondeni, na mahali yanapochoka kukimbia, huzilaza.

Mkulima wa Kisukuma anaijua safari hiyo bila kuhadithiwa. Juu ni mawe. Chini yake kidogo ni luseni, mchanga mwepesi unaopokea muhogo na karanga. Ukishuka unakutana na itogolo, ardhi ngumu inayokataa jembe, na bondeni kabisa ni mbuga nyeusi inayolimwa mpunga. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, aliuandika mpangilio wa namna hii wa kutoka kilimani hadi bondeni, nao sasa unafundishwa vyuoni duniani kote kwa jina la katena. Wenyeji wa kanda hii walikuwa wakipanga mashamba kwa kuufuata tangu zamani.

Mbuga nyeusi ina tabia moja ambayo kila mtu hapa anaifahamu. Ikinyesha hunywa maji ikavimba, gari likaingia likakwama. Kiangazi hujikunja ikapasuka mianya inayoweza kumeza mguu wa ndama. Kwa sababu hiyo mfinyanzi hafinyangi chungu kwa mbuga tupu, maana kingepasuka kabla hakijaona moto. Hutafuta udongo tulivu zaidi, kandokando ya mto au kwenye kichuguu, akauchanganya na mchanga au vigae vya vyungu vikuukuu vilivyopondwa, ili maji yapate njia ya kutoka taratibu. Akiharakisha, maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke na chungu hulipuka motoni. Moto ukipita nyuzi mia nne na hamsini hivi, huanza kutoka hata yale maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe, na hapo udongo haurudi tena kuwa tope. Kwa hiyo kazi yote ya mfinyanzi, tangu bondeni hadi motoni, ni mapatano na maji: lini yaingie, lini yatoke, na kwa kasi gani. Shikeni hilo, tutalihitaji tukifika Japani.

Chungu kilivyoacha kuteka maji

Japani ni miongoni mwa nchi zenye ufinyanzi mkongwe kuliko zote duniani. Vigae vya kipindi kinachoitwa Jomon vina umri unaozidi miaka 15,000. Miaka kama 5,000 iliyopita, katika bonde la mto Shinano, mkoa wa Niigata, watu wa Jomon walifinyanga vyungu ambavyo midomo yake inapanda juu kwa misokoto na vilele. Wanaovitazama leo wengi huona ndimi za moto, wengine huona mawimbi ya mto. Vilipikiwa chakula, lakini mapambo yake yanapita mahitaji ya jiko. Ina maana tamaa ya kuufanya udongo useme jambo zaidi ya matumizi ni ya kale kuliko majumba ya makumbusho.

Karne za baadaye zilileta vituo vikubwa vya ufinyanzi. Kimoja ni Shigaraki, kusini mwa ziwa Biwa, na udongo wake ni tope la kale la ziwa hilo lililotulia chini kabla ziwa halijahamia mahali lilipo sasa. Mfinyanzi wa Shigaraki anashika ziwa mkononi. Katika matanuri yao ya kuni, yanayowaka usiku na mchana kwa siku kadhaa, majivu huruka, hutua kwenye mabega ya mitungi, huyeyuka kwa joto kali na kutiririka kama kioo cha kijani. Hakuna aliyeyapaka. Wajapani walijifunza kuyapenda matiririko hayo badala ya kuyaona kuwa ni dosari.

Baada ya vita kumalizika mwaka 1945 viwanda viliendelea kutwaa kazi ya vyombo vya kila siku, na swali la mfinyanzi likawa zito: kama bakuli la kiwandani ni rahisi na halivuji, mimi ni wa nini? Mwaka 1948 vijana wa Kyoto, miongoni mwao Yagi Kazuo, Suzuki Osamu na Yamada Hikaru, waliunda kundi la Sodeisha. Mwaka 1954 Yagi alionyesha kazi aliyoiita Matembezi ya Bwana Samsa, kwa kumkumbuka yule mtu wa hadithi ya Franz Kafka aliyeamka akajikuta mdudu. Ni pete kubwa ya udongo imesimama wima, imeota vijibomba kama miguu. Haiteki maji, haipikiwi, haina mdomo wala tako. Ilivunja mlango, na wengi wakapita.

Wanawake walichelewa kupitishwa. Miiko ya zamani ya Japani iliwazuia wasikaribie matanuri kwa madai kwamba wangeyanajisi. Mwaka 1957 Tsuboi Asuka alianzisha huko Kyoto chama cha wafinyanzi wanawake, na leo wengi wa wanaotajwa mbele katika sanamu za udongo za nchi hiyo ni wanawake. Wasikilizaji wangu wanajua kwamba katika jamii nyingi za Afrika miiko iliegemea upande wa pili, na ufinyanzi ukawa kazi ya mikono ya mama. Tutaona muda si mrefu kwamba tofauti hiyo ilimfaidi Mjapani mmoja.

Wasanii wanne na maji yao

Sakiyama Takayuki, aliyezaliwa mwaka 1958, anafanya kazi katika rasi ya Izu, ambako bahari iko karibu. Mfululizo wake mashuhuri unahusu kuyasikiliza mawimbi. Ni vyombo vizito vyenye kuta mbili, vilivyochorwa mifereji inayozunguka na kuingia ndani, na juu yake kuna mpako wa rangi ya mchanga, mkavu, usiong'aa. Tazameni alichokifanya. Hakuweka rangi ya buluu wala povu. Ameonyesha alama ambazo bahari huziacha mchangani ikirudi nyuma. Mtu wa Kishapu hahitaji kuiona bahari ya Pasifiki ili aelewe, kwa kuwa amekwisha kuona korongo lilivyochongwa asubuhi baada ya mvua ya usiku.

Fujikasa Satoko, aliyezaliwa mwaka 1980, hujenga kwa kamba za udongo, moja juu ya nyingine, kama wafanyavyo bibi zetu. Lakini kuta zake huzinyoosha ziwe nyembamba, zikajikunja na kupeperuka kama maji yanayopinda kwenye mkondo au upepo unaovuma juu ya majani. Kisha hupaka uji wa udongo mweupe usiong'aa. Kazi moja huchukua miezi, sababu kila sehemu lazima ikauke kiasi cha kubeba inayofuata, na isikauke mno ikakataa kuungana nayo. Jicho linaona mwendo wa kasi, ilhali ndani ya mwendo huo kuna subira ya kungojea maji yaondoke.

Fukami Sueharu, wa Kyoto, aliyezaliwa mwaka 1947, amechukua njia nyingine. Husukuma uji wa kaolini kwa shinikizo ndani ya kalibu ya plasta, plasta ikafyonza maji, na kinachobaki ni umbo refu, jembamba, lenye ukingo mkali kama upanga. Juu yake huweka kioo cha buluu iliyopauka, rangi inayotokana na chuma kidogo sana kilichonyimwa hewa motoni. Wengi wakiziona kazi zake hufikiria upeo wa macho baharini. Chuma hicho hicho ndicho kinachoupa udongo wetu wa kilimani wekundu wake. Kikiwa kingi na chenye hewa ni chekundu, kikiwa haba na kisicho na hewa ni maji ya asubuhi.

Wa nne ni Ogawa Machiko, naye ndiye aliyenifanya niikubali mada hii. Alizaliwa Sapporo mwaka 1946, akasoma Tokyo, akaenda Paris. Katika miaka ya 1970 aliishi zaidi ya miaka mitatu Burkina Faso, wakati huo ikiitwa Volta ya Juu, akijifunza ufinyanzi wa vijijini. Kazi zake za leo zinaonekana kama vitu vilivyofukuliwa: kingo zimevunjika, uso umepasuka na kuchakaa, na ndani ya shimo kumetulia kioo kinene, cha buluu au cheupe, kama maji yaliyosalia kisimani wakati wa ukame. Kioo hicho kinatokana na feldspa, madini yale yale ya majabali tuliyoanza nayo. Kwa hiyo chombo kimoja kinabeba mwanzo na mwisho: jiwe lililozaa udongo limeyeyushwa na kurudishwa juu ya udongo.

Zingatieni njia aliyopita. Binti wa chuo kikuu cha sanaa cha Tokyo, aliyefika hadi Paris, aliona bado ana jambo la kujifunza katika vijiji vya Afrika vyenye kiangazi kikali kuliko chetu. Na sisi ambao vijiji hivyo ni kwetu, mara ngapi tumeketi kujifunza?

Walikopita wa kwetu

Afrika Mashariki inaye msanii wa kusimama na hao bila kuinama. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akahamia Uingereza mwaka 1971. Mwaka 1974 alikwenda Abuja, Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi ambako wanawake wa Kigwari, akiwamo Ladi Kwali aliyekwisha kujulikana duniani, walifinyanga bila gurudumu. Akajifunza kwao, na baadaye kwa wafinyanzi wa asili wa New Mexico, Marekani, ndipo akahitimu chuo cha Royal College of Art mwaka 1982. Vyungu vyake huvipandisha kwa mkono, huvisugua mpaka uso uteleze, kisha huvichoma. Vikipata hewa motoni hutoka vya rangi ya machungwa. Vikichomwa tena vikiwa vimefunikwa pamoja na vipande vya mbao, moshi huviingia vikawa vyeusi. Havipakwi kioo hata kidogo. Shingo inainama, tumbo linajaa, na mtazamaji anamwona mwanamke, mtungi na mto kwa pamoja. Mwaka 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha Dame.

Odundo hakuanzia pasipo kitu. Kuzunguka Ziwa Viktoria ufinyanzi una tabaka juu ya tabaka. Ziwa lenyewe lilikauka karibu lote na kujaa upya zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Waliokuja kuvua kandokando yake waliacha vyungu vinavyoitwa Kansyore, kwa jina la kisiwa kilicho katika mto Kagera. Vimejaa michirizi ya kwenda na kurudi, iliyochapwa kwa ncha ya kifaa. Baadaye sana, tangu takriban miaka 2,500 iliyopita, wakaja wafua chuma na wakulima wenye vyungu vya Urewe, jina la mahali huko Siaya, Kenya. Vyungu hivyo vina mdomo uliokatwa kwa pembe nadhifu, mifereji iliyopindishwa kama mikondo, na vingine vimebonyezwa kishimo kwenye tako. Huko Katuruka, mkoani Kagera, vilipatikana pamoja na mabaki ya uyeyushaji wa chuma. Fundi wa tanuri na fundi wa chungu walikuwa majirani.

Wala tusiseme kwamba sisi tulikuwa na vyungu tu, sanamu zikaletwa na wageni. Mwaka 1929, wakati wa ujenzi wa gereza la Luzira karibu na Kampala, vilifukuliwa vipande vya sanamu ya udongo yenye kichwa cha mtu. Kichwa hicho sasa kiko katika makumbusho ya British Museum, London. Hapa Tanganyika, Hans Cory alikusanya mamia ya sanamu ndogo za udongo zilizotumika jandoni na unyagoni, akachapisha kitabu juu yake mwaka 1956. Na mtoto gani wa Kisukuma aliyechunga hajafinyanga ng'ombe wa udongo bondeni, akampa nundu na pembe zilizopinda sawasawa na za ng'ombe wa baba yake?

Thamani inayotolewa na thamani inayotupwa

Sasa nirudi kwenye ukanda wa dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na kuuzunguka wapo wachimbaji wadogo wengi, Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu na kwingineko. Mnaijua kazi: jiwe linatoka duarani, linapita kwenye karasha, unga unaoshwa kwenye mwalo, kinachobaki kinakorogwa na zebaki kwenye beseni, kisha zebaki inachomwa ili dhahabu ibaki. Hesabu yote ya kazi hiyo inasema kwamba udongo ni kizuizi kati ya mtu na mali.

Katika hesabu hiyo Japani ina somo chungu. Kule Minamata, kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki ghubani, samaki wakaila, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na watoto walizaliwa wakiwa wamekwisha kuathirika tumboni. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Nchi hiyo hiyo iliyotupatia sanamu za maji ilitupatia pia jina la maji yaliyotiwa sumu. Hatuna ruhusa ya kusifu la kwanza tukalisahau la pili.

Nalisema hili kwa sababu ya kiutendaji pia. Kuna vijana watakaosikia hotuba hii wakaona marudio, yaani mabaki ya uoshaji, yaliyorundikana karibu na mialo, laini kama unga, wakasema: udongo wa bure huu. Wasithubutu. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, na hata moto wa kijijini wa nyasi na kuni hupita nyuzi 600. Atakayechoma marudio yenye zebaki atawavutisha mvuke wa sumu watoto wake, na mawe mengine ya dhahabu yana arseniki pia. Udongo wa sanaa utoke bondeni, mbali na mwalo.

Tufanyeje

Kilichomkuta mfinyanzi wa Japani ndicho kilichotukuta. Kwetu ndoo ya plastiki, dumu na sufuria vimeuondoa mtungi. Mwaka 2009 bomba la maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele lilifika Shinyanga na Kahama, na hakuna mwenye akili atakayelilia enzi za kuteka maji machafu lamboni. Mtungi umepumzishwa. Tofauti ni kwamba Japani, chungu kilipopumzishwa, ujuzi ulipewa kazi nyingine kabla wenye ujuzi hawajafa. Nina mapendekezo matatu.

La kwanza, wafinyanzi wetu waliobaki waulizwe mahali wanapochimba udongo na sababu za kuukataa mwingine, na sampuli zipelekwe Dodoma, kwenye Taasisi ya Jiolojia, zipimwe. Mkoa unaojua kila mwamba wa dhahabu unaweza pia kuwa na ramani ya udongo wake wa ufinyanzi.

La pili linahusu moto. Shinyanga iliwahi kuvuliwa miti, na kuanzia mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), pamoja na wananchi waliofufua ngitili zao, yaani malisho yaliyotengwa na kuhifadhiwa, ulifanya kazi ya miaka mingi kuirudisha. Sanaa itakayokula ngitili hatuihitaji. Lakini Kahama na Shinyanga zina mashine za kukoboa mpunga, na nyuma ya kila mashine kuna mlima wa pumba. Pumba zinawaka. Majivu yake yana silika nyingi, na wafinyanzi wa Japani wametumia majivu kama hayo tangu zamani kutengeneza kioo cheupe cha kupaka vyombo. VETA na SIDO wanaweza kujaribu tanuri la pamoja la pumba, pamoja na kioo cha majivu yake na feldspa ya majabali yetu.

La tatu, Geita hufanya maonesho ya teknolojia ya madini kila mwaka, na Bujora, pale Kisesa, ina makumbusho ya Wasukuma. Udongo upewe nafasi katika yote mawili. Wafinyanzi walipwe posho kama wakufunzi, wala wasiitwe kupamba mlango wakati mgeni rasmi anapita. Kijana wa sanaa aketi miguuni pa mama mfinyanzi kama Ogawa alivyoketi, kisha afinyange anachokijua: nyufa za mbuga mwezi wa kumi, korongo baada ya mvua, lambo linalokauka kutoka pembeni kuingia kati. Akinakili mawimbi ya Izu, Wajapani watamwambia kwa adabu kwamba wanayo tayari.

Nimemaliza upande wangu. Kwa desturi ya mihadhara, sasa wasomi hunyoosha mikono kwanza. Leo naomba tubadili utaratibu. Akina mama wafinyanzi mlioketi safu za nyuma, nyinyi mnajua ni wapi nimesema sawa kuhusu udongo na ni wapi nimebahatisha. Kipaza sauti kianzie kwenu.